Safu ya Maoni

Saa kumi na moja na dakika kumi, alfajiri.
Joto la hewa: thelathini na moja nukta nne.
Unyevu: tisini na moja.
Upepo: hakuna wa kuandikwa.
Vikombe vya kipimaupepo vimezunguka mara mbili
kwa sababu buabua alitua juu yake akapepesuka.
Upepo nimeuandika sifuri.
Buabua nimemwandika kwenye karatasi ya ndege.

Boya halijajibu tangu juzi.
Yaarub anasema ni betri, mimi nasema ni chaza:
wamekipenda kihisi, wamehamia.
Basi tunapima kizamani,
ndoo, kamba, kipimajoto cha kioo.
Thelathini na tatu nukta mbili.
Nimerudia. Thelathini na tatu nukta mbili.
Maji ya kumwogeshea mtoto mchanga,
si ya matumbawe.
Chini ya boti yameanza kupauka nchani
kama vidole vya mtu aliyefua kutwa.

Ng'ambo ya maji taa za Barka hazijazimwa.
Kiwanda kinachoigeuza bahari kuwa maji ya chai
kinaturudishia chumvi yake.
Chumvi nayo ina safu, ya sita.

Ufukweni, njia ya ng'amba:
kasia hili, kasia lile, yakipishana mchangani
kama mtu anayepanda ngazi usingizini.
Alichimba akagonga jiwe,
akasogea, akachimba, akagonga mzizi,
mara ya tatu akataga.
Tisini na saba. Nimehesabu kifudifudi,
mchanga mdomoni, taa nyekundu kwenye paji.
Kibati cha pezi lake: mia nne na kumi na mbili.
Nikafungua daftari la zamani, na huyo hapo,
kwa wino wa kijani wa Ghassani,
kabla hajapewa meza na kiyoyozi huko Duqm:
urefu wa gamba, sabini na mbili.
Leo sabini na sita.
Sentimita nne kwa miaka tisa.
Mimi katika miaka hiyo nimeolewa, nimeachika,
nimejifunza kuendesha boti.
Hakuna aliyenipima.

Mama alizaliwa Ng'ambo, Unguja.
Aliletwa Sib na sanduku moja na lafudhi,
na ndani ya sanduku, kitana cha ng'amba
cha bibi wa bibi yake.
Ukikiinua dirishani kinakuwa asali na moshi.
Nilichanwa nacho mpaka darasa la saba,
kichwa katikati ya magoti yake,
na kila nilipofurukuta alinigonga begani:
"Tulia, utamvunja."
Hakuwahi kusema utakivunja.
Nilidhani ni kosa la sarufi.

Siku niliyoapishwa kuwa mlinzi wa hifadhi
nilikifunga ndani ya kanga, droo ya chini.
Sheria naijua kwa vifungu:
kuwinda, kuuza, kusafirisha, kumiliki.
Sijawinda. Sijauza.
Kusafirisha, walisafirisha waliokwisha kufa.
Neno la nne huwa nalisoma haraka.

Jedwali ni la Kiarabu, linaanzia kulia.
Mwisho kabisa, kushoto,
pale ambapo mimi nyumbani ningeanzia kusoma,
kuna safu ya Maoni.
Maskati hawaiulizi. Yaarub huchora samaki.

Waliopanda usiku: sita.
Nimeandika sita.
Kalamu haijaondoka juu ya karatasi.
Yule wa droo, meno yake ishirini na mawili,
moja limekatika kwa nywele zangu mimi,
alipanda ufukwe gani, usiku gani,
na alikuwa amemaliza kutaga?

Yaarub anaita kutoka majini,
kisu cha kukwangulia mkononi, anacheka:
walikuwa chaza! Boya limeamka,
linasema thelathini na tatu nukta tano.
Sasa nani mwongo, anauliza, boya au ndoo yako?

Niandike zote mbili, namjibu.
Naandika zote mbili.
Jua limetoka bila rangi, kama sahani.
Buabua amerudi kwenye vikombe vyake,
anazunguka polepole, amekunja mguu mmoja,
na mashine, kwa uaminifu wake wote,
inarekodi upepo.